Virusi Vyenye Koti na Virusi Vilivyo Uchi

Mwaka 2020 hakukuwa na mlango wa duka, msikiti wala ofisi ya kijiji usiokuwa na ndoo ya bomba, au kibuyu chirizi kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Tuliambiwa tunawe kwa maji tiririka na sabuni, sekunde ishirini, hadi katikati ya vidole. Kwa nini sabuni? Wengi tulidhani inabeba virusi kama inavyobeba tope, na hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba kirusi cha korona kimevaa koti la mafuta, na sabuni hulifumua koti hilo. Kikishavuliwa koti, kirusi hakina tena cha kuishikia seli ya mtu.

Kanuni hiyo ya ndoo na sabuni ndiyo inayolinda baadhi ya dawa za bei mbaya kuliko zote duniani. Nazungumzia dawa za kibiolojia, zile zinazovunwa kwenye kitu chenye uhai: plazma ya watu waliochangia damu, damu ya farasi, au seli za mnyama zinazofugwa ndani ya tangi la chuma. Dawa inayovunwa kwenye uhai huja na wapangaji wake. Kazi ya kiwanda ni kumtoa mpangaji bila kubomoa nyumba, na nyumba yenyewe ni protini, kitu laini kama ute wa yai. Ukichemsha ovyo, virusi vimekufa na dawa imeiva.

Ndipo kemikali zinapoingia. Ila kuna jambo ambalo husahaulika hata na wataalamu. Kemikali haimjui adui yake kwa jina. Inajua koti la mafuta, au inajua vinasaba vilivyo ndani, basi. Ukiyafuatilia majanga ya dawa hizi kwa miaka sabini iliyopita, utakuta baadhi yake yalianzia pale watu walipoiamini kemikali kupita kile inachokifikia.

Tuanze na formalini, maana ndiyo kongwe. Jonas Salk alipotengeneza chanjo ya polio alichukua virusi hai, akavitia formalini kiasi cha sehemu moja kwa sehemu 4,000, akaviacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku kadhaa. Kila baada ya muda alihesabu vilivyobaki hai na kuchora grafu. Mstari ulishuka umenyooka. Salk akaurefusha kwa rula hadi mahali ambapo, kwa hesabu, kirusi hai kingekuwa adimu kiasi cha kutohesabika. Sven Gard wa Sweden alisema mapema kwamba mstari huo haunyooki hadi mwisho, una mkia. Hakusikilizwa sana.

Aprili 1955, wiki mbili hivi baada ya chanjo kuruhusiwa Marekani, watoto waliochanjwa kwa dawa ya Cutter Laboratories ya California walianza kupooza, na wengi wao mkono uliolegea ulikuwa ule ule uliochomwa sindano. Dozi 120,000 zilikuwa na virusi hai. Watoto wapatao 40,000 walipata polio nyepesi, 200 wakabaki na ulemavu, 10 wakafa.

Formalini ilikuwepo, kipimo kilikuwepo, joto lilikuwepo. Kilichokosekana ni kukutana. Virusi vilikuwa vimejibanza ndani ya mabonge ya mabaki ya seli ambayo kichujio kiliyaacha yapite, na mengine yalijikusanya upya wakati majimaji yamehifadhiwa yakisubiri zamu. Formalini ilifanya kwenye mabonge hayo kile inachofanya kwenye ngozi inayosindikwa: iliyakaza upande wa nje, na kadiri yalivyokazwa ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kwa formalini hiyo hiyo kupenya ndani. Mkia wa Gard ulikuwa umekaa humo. Suluhisho lilikuwa la kawaida mno kwa msiba mkubwa vile: kuchuja tena katikati ya kazi, kisha kuendelea na formalini. Chanjo ya polio ya sindano bado ipo hadi leo, na ni salama.

Formalini iliumbua watengenezaji mara nyingine. Chanjo zile za mwanzo zilioteshwa kwenye figo za nyani, na nyani hao walikuwa na kirusi chao, SV40, ambacho kilistahimili dozi ya formalini iliyotosha kwa polio. Mamilioni ya watu walichomwa nacho kabla hakijagunduliwa. Kwa mifugo, milipuko kadhaa ya ugonjwa wa miguu na midomo huko Ulaya katika miaka ya 1980 ilifuatiliwa hadi kwenye chanjo ambazo formalini haikuzimaliza vizuri. Watengenezaji wakahamia kemikali za jamii nyingine, ethileneimini, ambazo huacha ganda la kirusi na kuharibu vinasaba vyake moja kwa moja. Wafugaji wa Kenya, ambako taasisi ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya ugonjwa huo Embakasi, wanajua chanjo hiyo kwa jina zaidi ya kuijua kemia yake. Betapropiolaktoni nayo ndiyo iliyotumika kwenye chanjo ya korona ya Sinopharm iliyofika kwetu Tanzania mwaka 2021, na hutumika pia kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Ina tabia ninayoipenda: ikishamaliza kazi huvunjika yenyewe ndani ya maji, haihitaji kufukuzwa.

Lakini kwenye chanjo kirusi ndiye mgeni rasmi, tunamtaka mwili wake. Kwenye dawa za damu ni mzamiaji, na huko ndiko hadithi ya sabuni inakokuwa nzito.

Mtu mwenye hemofilia amezaliwa na upungufu wa protini ya kugandisha damu, mara nyingi ile iitwayo fakta 8. Jino likitoka, goti likijigonga kwenye kitanda, damu haikomi. Katika miaka ya 1970 viwanda vilianza kuikamua fakta 8 kutoka kwenye plazma ya maelfu ya watu iliyochanganywa pamoja, ikakaushwa ikawa unga kwenye kichupa. Mgonjwa aliweza kujichoma nyumbani na kwenda shule. Ilikuwa neema kubwa. Ila plazma ya watu elfu kumi kwenye pipa moja maana yake ni kwamba mchangiaji mmoja mwenye virusi ameligusa pipa lote. Marekani pekee, karibu nusu ya watu wenye hemofilia waliambukizwa VVU kabla hatua hazijachukuliwa. Uingereza ilisubiri hadi Mei 2024 kupata ripoti kamili ya tume ya Sir Brian Langstaff, iliyohesabu zaidi ya watu 30,000 walioambukizwa VVU na homa ya ini kupitia damu na dawa za damu katika hospitali za umma. Ripoti haikumung'unya maneno: mengi yangeweza kuepukwa.

Bernard Horowitz na wenzake wa New York Blood Center ndio walioleta sabuni. Walichukua kiyeyushi kiitwacho tributili fosfeti, kile kile ambacho viwanda vya nyuklia hukitumia kutenganisha urani, wakakioanisha kwanza na chumvi ya nyongo, baadaye na sabuni za maabara kama Triton X-100 au Tween 80, ambayo utaikuta hata kwenye aiskrimu. Kiyeyushi hung'oa mafuta kwenye koti la kirusi, sabuni huyashika mafuta hayo yaelee kwenye maji yasirudi mahali pake. Kipimo kilichokuja kuwa cha kawaida ni asilimia 0.3 ya kiyeyushi na asilimia 1 ya sabuni, joto la chumba, saa nne hadi sita. Fakta 8, ambayo haina koti la mafuta, hupita katikati ya vita hivyo bila mkwaruzo wa maana. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna hiyo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwaka huo hakuna aliyekuwa amekiona kirusi cha homa ya ini aina C. Kilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo kiliitwa kwa kukanusha tu, "si A wala si B". Hakikuoteshwa maabara, hakikupimwa. Na bado sabuni ilikimaliza, kwa sababu nacho kina koti. Kutojua jina la adui, ambako nimekutaja kama udhaifu, hapo kulikuwa msaada mtupu.

Ila ulithibitishaje kwamba umemuua adui usiyeweza kumpima? Kwa kumdunga mnyama na kusubiri. Mnyama pekee aliyeweza kuugua ugonjwa huo alikuwa sokwe. New York Blood Center ilikuwa na kituo chake Liberia tangu miaka ya 1970, na sokwe wa huko walitumika kwa utafiti wa homa ya ini na kupima kama dawa za damu zimesafishwa kweli. Utafiti ulipokoma katika miaka ya 2000, sokwe waliobaki waliwekwa visiwani mtoni, wakiletewa chakula kwa boti. Mwaka 2015 taasisi ilikata fedha za chakula hicho, ikalaumiwa dunia nzima, na mwaka 2017 yakafikiwa makubaliano na shirika la kutetea wanyama. Sijaona kijikaratasi cha dawa kinachowataja.

Tukaribie tangi tuone kazi inavyofanyika. Majimaji yenye dawa huchujwa kwanza, maana funzo la mwaka 1955 halijasahaulika: ndani ya bonge sabuni haifiki. Kisha kemikali hutiwa na panga la tangi huzunguka polepole, isije ikatoka povu, kwani povu huharibu protini. Tatizo ni juu. Matone yaliyoruka kwenye mfuniko, yaliyong'ang'ania ukuta juu ya usawa wa majimaji, au yaliyobaki kwenye bomba la kuchukulia sampuli, hayajaguswa na sabuni. Yakidondoka saa ya tano, virusi hai vimerudi. Kwa hiyo baada ya kuchanganya, majimaji yote huhamishiwa tangi la pili lililo safi, na huko ndiko saa huanza kuhesabiwa. Anayenawa kiganja akaacha katikati ya vidole ametenda kosa lile lile la tangi moja.

Baadaye kemikali zenyewe hutolewa, kwa maana hakuna anayetaka kiyeyushi cha urani kwenye mshipa. Njia mojawapo ni kumimina mafuta ya nyonyo au ya soya, yakakorogwa humo, yakavuta kiyeyushi kwa sababu mafuta huvutana na mafuta, kisha yakaelea na kuondolewa. Ndiyo, nyonyo hii hii ambayo mabinti wa mjini wanapaka nywele.

Halafu yapo yale yasiyo na koti. Kirusi cha homa ya ini aina A ni ganda gumu la protini, hakina mafuta popote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wagonjwa wa hemofilia wa Italia, Ujerumani, Ubelgiji na Ireland waliugua homa ya ini aina A kutokana na fakta 8 iliyosafishwa kwa sabuni barabara. Hakuna aliyekosea kipimo. Sabuni ilikuwa imefagia vyote vyenye koti na kukiacha kilicho uchi kipite kama mpita njia. Ndipo viwanda vikaongeza hatua nyingine: kupasha unga mkavu joto la nyuzi 80 kwa saa 72, mbinu ambayo Waingereza walishaianza mwaka 1985, au kuchuja kwa vichujio vyenye matundu ya nanomita 20 hivi.

Parvovirus B19 ni kibaya zaidi: uchi, kidogo mno, kinavumilia joto, na watu wengi wanakipata utotoni bila kujua, kwa hiyo pipa la plazma ya maelfu ya watu halikosi chake. Huo ndio upande wa tatizo ambao bado haujaisha.

Kuna mtego mwingine ambao hauna uhusiano na koti, nao naona unafaa kufundishwa katika kila chuo cha famasia. Immunoglobulini, zile kingamwili zinazokamuliwa kwenye plazma, zilihesabiwa salama kwa miaka mingi. Mwaka 1994 wagonjwa Marekani wakapata homa ya ini C kutoka kwenye immunoglobulini ya mshipani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: kipimo kipya kiliwaondoa wachangiaji wenye kingamwili dhidi ya kirusi C, na kwa kuwaondoa, pipa likapoteza kingamwili zilizokuwa zikikifunga kirusi kimyakimya. Kuboresha hatua moja kulifichua udhaifu wa nyingine. Sabuni ikaongezwa haraka. Mwaka huo huo Ireland iligundua kwamba mamia ya wanawake walikuwa wameambukizwa tangu 1977 kwa sindano ya anti-D, ile anayopewa mama mwenye damu hasi, kwa sababu utengenezaji wake haukuwa na hatua yoyote ya kuua virusi.

Kwenye dawa mpya za kingamwili, kama trastuzumab ya saratani ya matiti, sabuni mara nyingi huachia nafasi asidi. Dawa hizi hutengenezwa na seli za hamsta wa Kichina, na seli hizo huzaa chembe zinazofanana na virusi. Dawa hukamatwa kwenye nguzo ya kuchujia, kisha hung'olewa kwa asidi, na kwa kuwa iko kwenye asidi tayari, huachwa humo kama saa moja kabla ya kurudishwa kwenye hali ya kawaida. Uuaji virusi wa bure, tuseme, ingawa asidi ikizidi kingamwili hushikana mabonge. Nazo asidi hazina nguvu kwa walio uchi. Mwaka 2009 kiwanda cha Genzyme jijini Boston kilisimamishwa baada ya kirusi kisicho na koti kuingia kwenye matangi ya seli; wagonjwa wa maradhi adimu walikosa dawa kwa muda mrefu.

Watengenezaji hupimaje? Huchukua mfano mdogo wa hatua hiyo, wakautia virusi kwa makusudi, wakahesabu kabla na baada. Matokeo huandikwa kwa logi: logi 4 maana yake kati ya virusi 10,000 kimebaki kimoja. Kwa homa ya ini C hutumia kirusi cha kuhara cha ng'ombe kama mwakilishi. Kwa walio uchi hutumia kirusi cha nguruwe au cha panya. Logi za hatua tofauti hujumlishwa, mradi hatua hizo zinaua kwa njia tofauti. Sabuni mara mbili haihesabiwi mara mbili.

Gharama haiko kwenye fedha tu. Plazma nzima iliyosafishwa kwa sabuni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, iliondoka sokoni miaka michache baadaye, baada ya taarifa za vifo vya damu kuganda kwa waliopandikizwa ini. Sabuni ilikuwa imepunguza protini zinazozuia damu kuganda ovyo. Na Triton yenyewe ikageuka mshtakiwa: ikivunjika mtoni hutoa kemikali inayoiga homoni ya kike kwenye samaki. Ulaya iliiwekea ukomo wa Januari 4, 2021, anayetaka kuendelea aombe kibali. Viwanda vilivyozoea Triton kwa miaka thelathini vikalazimika kutafuta sabuni mpya na kurudia majaribio yote, logi kwa logi.

Asidi ya kapriliki haina kesi hiyo. Iko kwenye tui na kwenye maziwa ya mbuzi, na jina lake limetokana na mbuzi huyo. Huko Costa Rica, Instituto Clodomiro Picado huitumia kusafisha dawa ya sumu ya nyoka kutoka kwenye plazma ya farasi, ikiwemo waliyoitengenezea Afrika. Inagandisha protini zisizotakiwa na kuvunja virusi vyenye koti kwa mpigo mmoja, kwa vifaa ambavyo nchi yenye kipato chetu inaweza kuvinunua. Nashangaa kidogo kwamba watu wa pwani hatujaulizana zaidi kuhusu asidi hii ya nazi.

Cairo wameuliza, ila kuhusu sabuni. Magdy El-Ekiaby na wenzake, wakishirikiana na Thierry Burnouf, walitengeneza njia ya kusafisha kriopresipiteti, yaani mashapo ya plazma yenye fakta 8, kwa kiyeyushi na sabuni ndani ya mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja, kwa plazma ya wachangiaji wachache badala ya maelfu, kisha kuvuta kemikali kwa mafuta na kuchuja. Ni benki ya damu inayofanya kazi ya kiwanda kwa kiwango cha meza. Kwetu kriopresipiteti nyingi inayotoka kwenye jokofu la hospitali imepimwa VVU, homa ya ini B, C na kaswende, na hapo ndipo ulinzi wake unapoishia. Kipimo humkosa mchangiaji aliyeambukizwa wiki iliyopita. Sabuni isingemkosa.

Kikwazo hakiko kwenye kemikali, maana bei yake ni ndogo. Kiko kwenye plazma isiyogandishwa kwa wakati, kwenye mashine ya kupima mabaki ya kiyeyushi, na kwenye maabara ya kuotesha virusi hai ili uthibitishe logi zako.

Chukua kijikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya boksi la anti-D, ile sindano ya mama mwenye damu hasi, ukifungue hadi kwenye herufi ndogo. Utakuta imeandikwa kwamba hatua zilizochukuliwa zinafaa dhidi ya VVU na homa za ini B na C, lakini huenda zisitoshe dhidi ya parvovirus B19, na kwamba kirusi hicho ni hatari kwa mjamzito na kwa mwenye ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu. Mwanza, anayechomwa sindano ni mjamzito, na kwenye wodi ya jirani wamelala watoto wa selimundu, ambao B19 ikiwapata uboho wao huacha kutengeneza damu kwa siku kadhaa. Kijikaratasi kimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa kawaida hubaki kwenye boksi.